Gunia moja, jiwe moja la rangi: bustani juu ya mawe ya Ndosho

Kazi yangu ni kuchora vibao vya saluni na maduka hapa Goma. Parseli tunayokaa, huku Ndosho, ni mawe ya volkano matupu. Jembe likigonga linaruka. Kwa hiyo mboga tunazipanda kwenye magunia, na ukuta ulio nyuma yake tumeuchora watu wote wa avenyu.

Anzeni na ukuta, hata kabla ya kutafuta mbegu. Mtoto aliyepaka rangi mahali hakubali mboga za hapo zikauke, na jirani aliyekuwa anapita tu atasimama kuuliza. Lakini jiwe la Nyiragongo, volkano yetu, lina vitundu vingi na linakunywa rangi. Mara ya kwanza nilimalizia kopo zima la kijani kwenye jani moja la kabichi, asubuhi yake sikuliona tena. Sasa tunapaka chokaa mara mbili, tunaacha ikauke kabisa, tunachora kwa kipande cha makaa, ndipo rangi inafuata. Brashi ninashika mimi, kusahihisha ni kwa wamama, kama kwenye lengalenga, yaani mchicha: "Lengalenga haina jani la hivyo, baba. Ncha iwe nyembamba."

Gunia liwe lile la kilo 50 lililobeba unga au maharage. La saruji acheni, mabaki yake yanaharibu udongo. Sawazisheni chini kwanza, maana gunia lililojaa likiinama halinyanyuliwi.

Chukueni kopo kubwa, mlikate kitako chote kitoke, mlisimamishe katikati ya gunia. Ndani ya kopo wekeni kokoto za volkano, pembeni zungushieni udongo: ndoo mbili za udongo mweusi kwa moja ya mbolea iliyooza. Vuteni kopo juu, kokoto zibaki, jazeni tena, hivyo hivyo mpaka juu. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji. Bila hiyo yanaishia juu na miche ya chini inakufa. Udongo ndio unaokula pesa. Sisi tunachanga, chukudu moja, ile ya mbao ya kusukuma mizigo, inatuletea wote. Samadi mbichi ya mbuzi msiiweke, inaunguza mizizi.

Toboeni matundu pembeni kwa kupishana, kiganja kati ya moja na jingine. Mche wa lengalenga wenye majani manne au matano unaingia hapo, mzizi ukielekea chini, kisha bonyezeni udongo kwa kidole. Juu ya gunia pandeni nyanya au bilinganya.

Maji yanabebwa kwa bidoni na mgongo unauma, kwa hiyo yale ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe. Mimineni polepole kwenye kokoto, jioni. Kuanzia Juni hadi Agosti msiruke siku.

Baada ya wiki nne hivi lengalenga inakatwa. Watu walikuwa wanaing'oa na mizizi, na iliniuma sana. Nikachora ukutani mkono na kisu, shina likiwa limebaki na majani machache chini na machipukizi mapya pembeni. Tangu hapo wanakata, nayo inachipua tena.

Mbele ya kila gunia kuna jiwe bapa lenye alama ya mwenyewe: ndizi, mwavuli, ngoma. Gunia lenyewe hatulipaki rangi ya mafuta, maana mboga zinaligusa. Kuna bibi mmoja aliyechagua samaki, mume wake alikuwa mvuvi wa ziwa Kivu. Nilipomaliza alilitazama, akaniomba niongeze jicho la pili. Nikamwambia samaki wa pembeni anaonekana jicho moja. Akasema, "Huyu atazame gunia langu na barabara." Nikaliongeza.

Jua likishalichosha gunia, mwageni udongo, changanyeni na mbolea mpya, mjaze jingine. Kokoto zioshwe, zinarudi kazini. Jiwe linabaki na mwenyewe.