Wasia wa mzazi kijana: anza na jina la mlezi

Niko dawati la wanachama kwenye Sacco moja hapa Nakuru, na kila wiki nafungua fomu za warithi zilizojazwa na vijana kabla hawajaoa. Jina ni la mama. Leo kijana ana mke na watoto wawili, na fomu ni ile ile. Nikimwambia abadilishe, anacheka: "Dada, wanitakia kifo?"

Wengi huniambia hawana shamba, wasia wa nini? Watoto je? Usiposema kitu, ukoo utakaa baada ya matanga, na mwenye sauti kubwa ndiye ataondoka na mtoto.

Basi anzeni na mlezi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamruhusu mzazi kumteua kwa wasia. Mwenzako akibaki hai, watoto hawapokonywi; wazieni siku ambayo nyote wawili hampo. Wala msichague kwa kuogopa wakubwa. Nyanya ana miaka 70, mtoto ana miezi minane: akifika sekondari, nyanya amepita 80. Angalieni umri, dini, shule, na kama nyumba hiyo itawapokea watoto wote bila kuwatawanya. Kisha mwendeeni, mkae naye, mmuulize, naye awe huru kukataa. Mwandikeni na wa pili, huyo wa kwanza asipoweza.

Pesa ni habari nyingine. Anayejua kulea si lazima ajue kutunza akiba. Mimi watoto wangu wataenda kwa dada yangu, lakini pesa nimeziweka chini ya wasimamizi wawili, karo itoke kwa sahihi mbili. Dada alinuna kidogo. Yamepita.

Karatasi yenyewe haisumbui. Kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika kwa mkono wake, akatia sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao wakatia zao. Shahidi asiwe mtu uliyemwachia kitu, wala mume au mke wa mtu huyo, maana alichoachiwa kinaweza kubatilika. Wasia wa mdomo msiutegemee: unataka mashahidi wawili, na ukiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema, hauna nguvu tena. Mwislamu amwone kadhi kwanza, kwa kuwa wasia wake wa mali hauvuki thuluthi. Na ukifunga ndoa baadaye, wasia wa zamani kwa kawaida unafutika, kwa hiyo andika mwingine.

Mlezi na wasimamizi wajue karatasi iko wapi. Halafu pitia NSSF, bima na Sacco yako ubadilishe warithi huko pia. Sisi hulipa jina lililo kwenye fomu yetu; wasia wako hatuutafuti. Njoo na kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.