Vinanda 12, wimbo mmoja: jinsi ya kufundisha darasa "Usiku Mtakatifu"

Mwanafunzi aliyevaa hedifoni hujisikia mwenyewe tu. Ndiyo maana darasa ambalo kila mtu ameshaiweza sehemu yake hugeuka soko la Kibuye mara hedifoni zinapovuliwa. Vidole vyao havina neno. Hawajazoea kufuata pigo moja. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kisumu na viunga vyake anayefundisha likizo ya Novemba na Desemba, awe kanisani au kwenye kituo cha muziki.

1. Kagua vyombo

Soma volti zilizoandikwa nyuma ya kila kinanda kabla ya kuchomeka adapta. Kuna vya volti 12 na vya volti 9.5, na plagi inaweza kuingia bado ikawa si yake. Hedifoni za Bluetooth zikatae: sauti huchelewa kidogo, na mwanafunzi huishia kupiga nyuma ya wenzake bila kujua sababu. Kisha hakikisha TRANSPOSE, yaani mpangilio wa kupandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima, iko 0 kwenye vinanda vyote. Kimoja kikiwa +1, utatafuta mkosaji darasa zima.

2. Gawa sehemu kwa uwezo

Wimbo huu wa Austria, wa mwaka 1818, uliandikwa kwa waimbaji wawili na gitaa, kwa hiyo kodi tatu (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinautosha. Tumia ufunguo wa C. Una vipimo 12, kila kimoja mapigo sita madogo, na kodi ya kila kipimo ni hii:

C, C, G, C / F, C, F, C / G, C, C, C

Kipimo cha 11 nusu yake ya pili ni G.

Vinanda 4 vipige tuni kwa sauti ya filimbi, 3 sauti ya pili, 3 kodi kwa sauti ya ogani, 2 besi. Anayeanza kabisa mpe besi: noti moja, pigo la 1 na la 4. Usimwonee haya, besi ikiyumba, wote wanayumba.

Herufi ndogo hapa ni do, re, mi, fa, so, la, ti; d ni noti ya C, na alama ' ni noti ya juu zaidi. Kodi zishikwe kwa mkono wa kulia bila kurukaruka: C ni d-m-s, F ni d-f-l, G (hapa ni G7 isiyo na r) ni t-f-s, hiyo t ikiwa chini ya d. Kutoka C kwenda F kidole gumba hakihami. Kutoka C kwenda G, kidole cha mwisho kinabaki kwenye s. Wanaokariri umbo moja la kodi na kulihamisha zima huchelewa kila badiliko.

Tuni huanza s l s m, mara mbili, kisha r' r' t, d' d' s. Kipimo cha 9, r' r' f' r' t, ndicho kinachowashinda wengi kwa sababu mkono lazima upande. Wagawe wapigaji wa tuni: wawili vipimo 1 hadi 8, wawili 9 hadi 12, mikono yao ikikaa tayari juu. Sauti ya pili ipige m f m d pale tuni inapopiga s l s m, na vipimo viwili vya mwisho ijiunge na tuni.

3. Mdundo kwanza, bila kinanda

Wahesabu hadi sita huku wakipiga makofi ya s l s m: s kwenye 1, l katikati ya 2 na 3, s kwenye 3, m kwenye 4 hadi 6. Wengi huzipa noti tatu za kwanza urefu sawa, na wimbo unakuwa kama gwaride.

4. Vua hedifoni mapema

Ziache masikioni kwa dakika 15 hivi za kutafuta noti, basi. Baada ya hapo fungua spika za vinanda vya besi peke yake, sauti theluthi moja, pamoja na metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo) ya kinanda kimoja, mapigo madogo 90 kwa dakika. Ongeza kodi, halafu tuni, sauti ya pili mwisho. Kundi jipya lisiingie kabla la awali halijapita vipimo 12 bila kusimama. Akikosea mtu, asirudi nyuma. Aruke hadi pigo la 1 la kipimo kinachofuata. Zoezi la kuruka huku lina faida kuliko marudio kumi ya wimbo mzima. Panda hadi 120 polepole. Midundo ya ngoma iliyomo ndani ya vinanda izimwe: vinanda viwili vikiiwasha, hakuna kasi moja tena.

5. Siku ya ibada

Katika C noti ya juu ni f', na waumini wengi hawaifikii vizuri, wawe wanaimba kwa Kiswahili au Dholuo. Weka TRANSPOSE -2 kwenye vinanda vyote. Vidole vinabaki C. Umeme ukikatika kwa mvua ya jioni, vinanda vingi vikiwaka tena hurudi 0, huku vyenye betri vikibaki -2. Kwa hiyo kila stima inaporudi, kabla ya kuendelea, kila mpigaji abonyeze d mmoja mmoja kwa zamu, nawe usikilize.