Somo: Koili idumu zaidi na ladha ibaki safi

Wiki iliyopita nilichukua koili mbili za vepu (sigara ya kielektroniki) zilizokwisha, yaani kile kifaa kidogo chenye waya wa kupasha moto na pamba, nikazipasua kwa koleo juu ya karatasi nyeupe. Zilitoka pakiti moja, zote za waya wa wavu, zote za 0.4 omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), na zilifanya kazi ndani ya tangi lile lile. Ya kwanza ilinidumu siku tano. Ya pili ilikwenda wiki tatu na siku mbili.

Ile ya siku tano, pamba yake ilikuwa nyeusi upande wote unaogusa wavu, na wavu wenyewe umefunikwa na ukoko mzito unaong'aa kama lami. Nilipoukwangua kwa ncha ya sindano ukabanduka vipande vipande. Ile ya wiki tatu pamba ilikuwa ya kahawia tu, bado laini, na vitundu vya wavu vinahesabika kimoja kimoja. Waya wa koili zote mbili ulikuwa mzima, haujakatika popote.

Ndiyo maana nasema tunailaumu koili bure. Waya hauchoki upesi. Kinachokufa ni utambi, yaani ile pamba, na huuawa na vitu viwili: kiu na utamu. Kiu huua kwa dakika moja, utamu huua polepole. Ukivijua hivyo viwili, mengine yote katika somo hili utayaelewa bila kukariri.

Naandika kwa watu wazima ambao tayari wanatumia vepu. Kama huvuti, usianze. Nikotini hushika haraka na kuachana nayo ni kazi kubwa.

Hatua ya 1: Soma koili yako kabla ya kuifunga

Ubavuni mwa koili pameandikwa omu na wati zake. Watu wengi hutupa macho na kuendelea. Mimi nakuomba usome, kisha uangalie matundu ya kuingizia juisi, yaani kile kimiminika cha gliserini na propilini glaikoli kinachogeuzwa mvuke. Koili za omu ndogo, chini ya 1, kwa kawaida zina matundu makubwa na hupenda juisi nzito, yenye gliserini asilimia 70 hivi. Koili za zaidi ya omu 1 matundu yake ni madogo. Ukizipa juisi nzito hazimezi kwa wakati, zinapata kiu huku tangi limejaa. Hizo zipe nusu gliserini nusu propilini glaikoli.

Hatua ya 2: Lowesha utambi

Hapa ndipo koili nyingi zinapouawa kabla hazijaanza kazi, kwa hiyo twende taratibu.

Shika koili mpya chini ya mwanga. Kila tundu la pembeni lina pamba nyeupe inayochungulia. Dondoshea tone moja hapo na uliangalie. Mwanzoni litakaa juu ya pamba kama ushanga, halitaki kuingia. Subiri. Litaanza kubonyea, kisha litazama ghafla na pamba itabadilika kutoka nyeupe na kuwa kama kioo kilicholowa. Geuza, fanya hivyo kwenye kila tundu. Kisha tone mbili au tatu ndani, kwenye ukuta wa pamba unaouona ukichungulia juu. Usijaze bomba la katikati. Juisi ikisimama pale itakurukia mdomoni.

Funga koili, jaza tangi, ondoka. Dakika 10 kwa juisi ya kawaida, 15 kwa nzito. Ukirudi, vuta mara tatu au nne bila kubonyeza kitufe. Hewa hiyo husaidia kuvuta juisi hadi katikati ya pamba.

Aliyewahi kuwasha taa ya utambi anaijua siri hii. Utambi uliolowa mafuta hauungui, yanaungua mafuta. Ukikauka ndipo unapojila wenyewe. Koili nayo ni hivyo hivyo. Propilini glaikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi na gliserini kwenye 290, na wakati juisi ipo, joto la waya huishia kwenye kazi ya kuigeuza mvuke. Juisi ikikosekana, joto halina pa kwenda ila kwenye pamba. Na pamba iliyoungua haiponi. Hata uiloweshe usiku kucha, ladha ile ya karatasi iliyochomwa itabaki hadi siku unaitupa. Tena usijikaze kuivuta hivyo: gliserini iliyopita kiasi cha joto hutoa akrolini na fomaldehidi, na hizo si za kuingiza kifuani.

Hatua ya 3: Anza chini, panda polepole

Tuseme koili imeandikwa wati 50 hadi 60. Anza na 35. Vuta mara tano, mivuto mifupi. Panda hadi 40, mara tano nyingine. Endelea hivyo wati tano tano hadi ufike 50, kisha panda moja moja huku unasikiliza ulimi. Kuna mahali ladha inafunguka, unaanza kutofautisha tunda na kile kilichochanganywa nalo. Simama hapo. Koili zangu nyingi husimama chini kidogo ya katikati ya kiwango kilichoandikwa, na sioni sababu ya kuzisukuma zaidi: juu ya hapo unaongeza joto na ukoko, ladha haiongezeki.

Hatua ya 4: Iangalie juisi yako kama adui na rafiki

Sasa niseme kilichozitenganisha zile koili mbili. Wati zilikuwa zile zile na uvutaji wangu ule ule. Tofauti ilikuwa juisi. Ya siku tano ilivuta juisi tamu sana, ile inayoacha midomo ikilambika. Ya wiki tatu ilivuta juisi isiyo na kiongeza utamu.

Utamu ule mara nyingi ni sukralosi. Gliserini na glaikoli huondoka kama mvuke, sukralosi haiondoki vizuri. Huvunjika kwa joto, hushikamana na waya na kugeuka ukoko. Ukoko unazuia juisi isifikie waya, waya unapata joto zaidi, ukoko unazidi. Rangi nzito ya juisi nayo ni dalili, ingawa si ya uhakika kila mara. Juisi inayoonekana kama maji, yenye ladha ya tunda au mnanaa isiyotiwa utamu, ndiyo rafiki mkubwa wa koili.

Sisemi uache unachokipenda. Kama unapenda tamu, iwekee tangi lake na uitumie kwa wakati wake, siku nzima vuta isiyotiwa utamu.

Hatua ya 5: Namna ya kuvuta

Acha angalau sekunde 20 kati ya mvuto na mvuto ili pamba inywe tena. Fungua tundu la hewa vya kutosha, hewa hupoza koili. Na usiache juisi ishuke chini ya matundu ya koili. Nikiona imefika usawa huo najaza, hata kama imebaki kidogo.

Hatua ya 6: Osha tangi kila unapobadilisha koili

Fungua vipande vyote, osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kabisa. Kagua ringi za mpira, iliyokatika ibadilishe. Koili ifunge kwa vidole tu, usitumie koleo. Futa pia kile kitako cha shaba chini ya tangi, kwa sababu unyevu hukusanyika pale na mashine, ile sehemu yenye betri, inaanza kusoma omu vibaya. Juisi ikikumwagikia mkononi nawa mara moja, nikotini hupenya ngozi, na chupa ikae mbali kabisa na watoto.

Maswali ya wanachama

Swali: Kaka, nimefuata kila kitu, nimelowesha, nimesubiri, lakini koili mpya inaungua siku ya kwanza. Juisi yangu ni gliserini asilimia 80, koili 1.2 omu.

Jibu: Pole sana ndugu, jibu umelitaja mwenyewe. Juisi ya 80 haiwezi kupita kwenye matundu ya koili ya 1.2 kwa kasi inayohitajika. Kuloweshwa kulikusaidia kwa mivuto ya kwanza, baadaye pamba ikabaki inangoja. Badilisha juisi iwe nusu kwa nusu. Hiyo koili iliyoungua iache, weka nyingine.

Swali: Je, naweza kuosha koili ya dukani nikaitumia tena?

Jibu: Unaweza, ila usitarajie makubwa. Maji ya moto yakipita ndani yake huondoa juisi ya zamani na sehemu ya ukoko laini, kisha ikaushwe siku nzima au mbili. Mimi nilipata nyongeza ya siku mbili tatu, tena ladha haikurudi ilivyokuwa. Inafaa kama unabadilisha ladha na koili bado changa. Kama pamba imeungua, kuiosha ni kupoteza maji. Na usiiwashe ikiwa imekauka kwa nia ya kuisafisha, pamba imo ndani.

Swali: Yangu inagugumia na kunirushia matone mdomoni.

Jibu: Juisi imesimama kwenye bomba la katikati. Toa tangi kwenye mashine, funga karatasi laini chini, pulizia kwa nguvu kupitia mdomo wa kuvutia, kile kipande unachoweka mdomoni. Kisha kagua kama koili imekaza na ringi ziko sawa. Kama inarudia, wati zako huenda ziko chini mno au juisi ni nyepesi mno kwa matundu hayo. Wakati wa kujaza funga tundu la hewa, ulifungue baada ya kugeuza tangi wima.

Swali: Dada mwenzenu hapa. Koili mpya, juisi ile ile, ladha hakuna. Nimebadilisha koili tatu!

Jibu: Dada, koili hizo tatu zitunze, huenda hazina kosa. Ukivuta ladha moja kwa muda mrefu, pua na ulimi huizoea na kuacha kuihisi. Jaribu ladha ya mbali kabisa na hiyo kwa siku mbili, mnanaa kwa mfano, na unywe maji ya kutosha kwa sababu glaikoli hukausha mdomo. Mpe mtu mzima mwingine anayevuta aionje kwa kutumia mdomo wake mwenyewe wa kuvutia. Akisema ladha ipo, umepata jibu.

Swali: Juisi imebadilika rangi chupani, imekuwa kahawia. Inaharibu koili?

Jibu: Kubadilika huko mara nyingi ni nikotini iliyokutana na hewa, mwanga na joto. Haijazi ukoko kama sukralosi, ila inaleta ukali wa pilipili kooni. Ihifadhi gizani, penye ubaridi, kifuniko kimekaza.

Swali: Nikitia matone ya mafuta ya kunukia ndani ya juisi kuongeza ladha?

Jibu: Hapana, hata tone moja. Mafuta hayachanganyiki na glaikoli na mapafu hayawezi kuyatoa. Mwaka 2019 hadi mapema 2020 huko Marekani watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufariki kwa majeraha ya mapafu, na uchunguzi ulielekeza hasa kwenye asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta kilichotiwa kwenye vimiminika vya bangi. Kama unataka ladha zaidi, rudi Hatua ya 3.

Swali: Natumia tangi la kujitengenezea koili. Nabadilisha waya kila mara?

Jibu: Huna haja. Toa pamba, washa waya kwa wati ndogo hadi uwe mwekundu hafifu, zima, sugua taratibu kwa brashi baada ya kupoa, suuza, weka pamba mpya. Hii ni kwa waya wa Kanthal au nikromu, aloi zinazostahimili joto. Waya wa titani au nikeli usiuwashe mkavu kamwe.

Swali: Shikamoo mwalimu. Baba yangu ameacha sigara uzeeni na sasa anatumia vepu. Mikono inamtetemeka, hawezi kudondoshea matone, na hana subira ya kungoja. Kila koili anaiunguza.

Jibu: Marahaba mwanangu, na mpe hongera zangu mzee. Kazi ya koili ifanye wewe. Mpe matangi mawili yanayofanana: moja analolitumia, jingine liwe limeloweshwa na kujazwa tangu jana yake, limesimama wima. Koili ikichoka anabadilisha tangi zima, hagusi tone. Kama lipo moja tu, zima mashine wakati mnangoja. Nyingi hujizima ukibonyeza kitufe mara 5 mfululizo. Weka wati mwisho wa chini wa kile kilichoandikwa kwenye koili, kisha funga vitufe vya kupandishia kama mashine yake inaruhusu.