Viatu vya Theluji: Siku Moja na Marafiki, Bear Lake hadi Emerald Lake

Kiatu cha theluji si buti. Ni fremu pana ya alumini au plastiki ngumu inayofungwa chini ya buti ili uzito wako utandae na usizame hadi mapajani. Chini yake kuna meno ya chuma ya kung'ata barafu. Kutembea nacho hujifunzwa kwa nusu saa. Kinachoharibu siku ni jasho, saa kupita bila kuhesabiwa, na kundi kutawanyika.

Kwa marafiki wanaoishi Denver au Aurora na hawajawahi kujaribu, njia ya kuanzia ni ya ziwa la Bear Lake, ndani ya hifadhi ya Rocky Mountain National Park, Colorado, Marekani. Kutoka Denver ni kama kilomita 120. Ukianza Bear Lake, Nymph Lake iko umbali wa kilomita 0.8, Dream Lake 1.8, na Emerald Lake 2.9, na kupanda kote ni kama mita 200. Kwenye ramani ni kidogo. Kwenye theluji laini weka saa mbili za kwenda na saa moja na nusu za kurudi. Bear Lake iko mita 2,888 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko vibanda vya Mandara kule Kilimanjaro. Aliyeshuka ndege jana akitokea Mombasa apumzike Denver siku mbili kwanza. Mtu akiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, ashuke na mwenzake mara moja.

Jioni ya kabla ya safari soma taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, kituo cha jimbo kinachotoa tahadhari za maporomoko ya theluji. Hatari ya maporomoko ya theluji hupangwa kwa ngazi 1 hadi 5. Ikifika 3, achaneni na Emerald, mwende Sprague Lake iliyo kando ya barabara hiyohiyo: ni tambarare na inapendeza sana. Poromoko huanzia hasa kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, na linaweza kumfikia aliye bondeni chini yake. Theluji ikitoa mlio mzito wa "vuuf" chini ya miguu, au ufa ukikimbia mbele yenu, rudini kwa njia mliyokuja nayo. Kundi linalotaka kupita chini ya miteremko hiyo lazima kila mtu avae kifaa cha redio cha kutafutia waliofukiwa, abebe fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, na awe amefanya mazoezi ya kuvitumia.

Viatu hukodishwa Estes Park, mji ulio mlangoni mwa hifadhi. Pimeni uzito wa mtu pamoja na mkoba wake. Chini ya kilo 65, urefu wa sentimita 56 unatosha; hadi kilo 90, chukua 64; zaidi ya hapo, 76. Angalia pia kibandiko, maana kila kampuni ina vipimo vyake. Theluji ya Colorado ni kavu na nyepesi, kwa hiyo aliye katikati ya saizi mbili achukue kubwa. Omba fimbo mbili za kutembelea zenye visahani vipana karibu na ncha; zenye visahani vidogo huzama zote na hazikusaidii kitu.

Mavazi ndiyo yanayowashinda wengi. Mtu hutoka garini akitetemeka, anavaa kila alichonacho, na baada ya dakika kumi za kupanda amelowa. Akisimama kupiga picha, jasho lile linapoa na baridi inamwingia hadi mifupani. Anza safari ukisikia baridi kidogo. Ndani vaa sufu au poliesta, juu yake sweta nyepesi, kisha koti la kuzuia upepo. Koti nene likae mkobani, ulivae kila mnaposimama. Pamba usivae hata soksi, kwa sababu hunyonya maji na haikaushwi na joto la mwili. Beba glavu za akiba. Miwani ya jua na krimu ya jua ni lazima hata kwa mwenye ngozi nyeusi tititi: theluji huakisi hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, na macho yanaweza kuungua bila mwenyewe kujua hadi usiku.

Fikeni maegesho ya Bear Lake kabla ya saa mbili asubuhi, hasa wikendi. Kufunga viatu, fuateni mpangilio huu:

1. Kung'uta theluji iliyoganda chini ya buti.
2. Weka sehemu pana ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole, juu ya bawaba ya kiatu cha theluji. Ncha ya buti iingie kwenye tundu la mbele bila kugonga fremu.
3. Kaza mikanda ya mbele, halafu ya kisigino. Vifungo vitazame nje ili visikwaruzane.
4. Tembeeni dakika kumi, msimame, mkaze tena. Mikanda hulegea baada ya kupoa.

Panua hatua kidogo usijikanyage. Kupanda, piga ncha ya buti ndani ya theluji hadi meno yashike. Kushuka, kunja magoti, uzito uwe kisiginoni. Usirudi kinyumenyume kamwe: mkia wa kiatu huchimba na kukuangusha, zunguka kwa hatua fupi. Epuka mashina ya misonobari, maana chini ya matawi huwa na shimo lililofunikwa na theluji laini.

Anayetangulia kwenye theluji mpya hufanya kazi kubwa kuliko wote. Badilishaneni kila dakika tano hadi kumi: aliyechoka asogee pembeni, aungane na mkia. Mwendo uwe wa anayekwenda polepole kuliko wote, na mwenye uzoefu awe wa mwisho. Kwenye ziwa kaeni mbali na mahali maji yanapoingia na kutoka, maana barafu huko ni nyembamba. Kule Emerald, ishieni ufukwe mnaofikia kwanza. Msivuke kwenda chini ya majabali.

Chupa ya maji ikae kichwa chini mkobani, kwa kuwa barafu huanzia juu, na mdomo utabaki wazi. Chapati iliyokunjwa na siagi ya karanga, ikiwekwa mfuko wa ndani, hailiki kwa shida kama mkate ulioganda. Tende na chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai hurudisha nguvu haraka. Kuleni kidogokidogo kila saa, vituo visizidi dakika kumi.

Saa sita na nusu mchana geukeni, hata kama Emerald haijaonekana. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na vilele hufunika bonde mapema zaidi. Simu hufa haraka kwenye baridi. Iweke karibu na mwili, na kila mmoja awe na taa ya kichwani. Mkifika garini, badilisheni soksi na fulana kabla ya kuwasha injini.