Madoa ya uso na leza: mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Ujue kwanza doa lako ni la aina gani. Weusi ulioachwa na chunusi, melasma (mabaka ya kahawia) ya mashavuni na juu ya mdomo, na ule weusi wa kijivu unaoletwa na mkorogo (okronosisi), hayatibiwi kwa njia moja. Okronosisi ikidhaniwa ni melasma, mgonjwa huongezewa hidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi iliyomo kwenye mkorogo, ile ile iliyomharibu. Mpelekee daktari wa ngozi makopo yote uliyotumia. UNBS, shirika la viwango la Uganda, imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni, lakini sokoni bado vinapatikana.

Leza si hatua ya kwanza. Kwa miezi 2 hadi 3 tumia krimu uliyoandikiwa pamoja na sanskrini (krimu ya kukinga jua) yenye kiwango cha kinga cha SPF 30 au zaidi. Chagua yenye rangi ya ngozi, kwani oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao nao hutia weusi. Kwa uso na shingo kamua urefu wa vidole viwili, rudia kila saa 2 ukiwa nje. Abiria wa boda wengi hawalihesabu jua la njiani.

Kisha uliza mashine ni ya nanomita ngapi, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Kwa ngozi nyeusi, salama zaidi ni leza aina ya Nd:YAG ya 1064, inayozama ndani bila kuchoma sana melanini (rangi ya ngozi) ya juu. IPL, mashine ya mwanga mkali isiyo leza, ikatae: melanini ya juu hufyonza mwanga wake, ukawa joto, malengelenge yakatoka, na mwisho uso ukawa mweusi kuliko ulivyokuja.

Dai jaribio la leza kwenye sehemu ndogo mbele ya sikio, kisha usubiri wiki 4 hadi 6, kwa kuwa weusi wa jeraha hauonekani siku ile ile.

Acha tretinoini (dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A) wiki 1 kabla ya leza. Siku yenyewe uso uwe mkavu, bila vipodozi, na macho yafunikwe kwa kinga maalumu. Bila hiyo, ondoka. Kwa melasma nguvu huwa ndogo: unahisi joto na michomo hafifu tu. Ngozi ikigeuka nyeupe papo hapo au kuvimba, mwambie anayekupiga leza aache. Wanaoharakisha kwa kupigwa kila wiki wanaweza kupata vidoadoa vyeupe, na kuvirudishia rangi ni kazi ngumu.

Mjamzito asubiri, melasma ya ujauzito mara nyingi hufifia baada ya kujifungua. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango azungumze kwanza na daktari kuhusu njia isiyo na homoni, la sivyo doa linaweza kurudi na pesa imekwenda.