Jinsi ya kufundisha mabinti wa mtaani kupima joto la Dar: anzeni chumbani usiku

Wengi wakitaka kufundisha mabinti mambo ya tabianchi wanaleta projekta na picha za barafu inayeyuka Ncha ya Kaskazini, binti wa Tandale anasinzia tu. We anza na chumba anacholala, kile cha bati bila dari, dirisha moja linaangaliana na ukuta wa jirani, Januari mpaka Machi watu wanahamia kibarazani. Hapo maswali anayo tayari.

Kaongee kwanza na wazazi na mjumbe wa shina, maana kuweka vifaa kwenye vyumba vya watu bila taarifa ni kesi. Afu nunua themometa za digitali zenye waya, za bei rahisi zinatosha ila zikaguliwe: barafu iliyopondwa na maji kidogo kwenye kikombe, koroga, chovya ncha ya waya, inatakiwa isome 0 au karibu na hapo. Inayosoma 2 usiitupe, iandikwe kwa maka peni "toa 2". Na wafanye wenyewe, sio wewe unafanya wao wanapiga picha.

Tafuta vyumba viwili vinavyofanana, kimoja kina dari kingine hakina. Themometa ining'inie usawa wa kitanda, isiguse ukuta, jua lisiipige. Wasome saa nane mchana, saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kwangu mimi hiyo ya alfajiri ndo yenyewe, tofali za saruji zinameza joto mchana zinalitema usiku kucha, na usiku ndo mwili ulitakiwa upumzike.

Sasa Dar shida sio digrii peke yake, ni unyevu wa bahari. Funga ncha ya themometa nyingine kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, ipepee na kipande cha boksi mpaka namba iache kushuka. Ikipishana sana na ile kavu ujue jasho linakauka na kupoza mwili, zikikaribiana jasho linatiririka bure tu (na hapo utaelewa kwanini feni nayo inakuwa kama haipo).

Namba zikishajaa kwenye daftari mabinti wazipeleke mkutano wa mtaa. Atatokea mzee wa kusema joto lipo toka enzi, mpeni habari ya Ahmedabad, India: Mei 2010 lilifika 46.8 na vifo vya mwezi ule vilizidi vya kawaida kwa 1,344, jiji likatoa mpango wa kukabili joto 2013 na baadae wakaanza kupaka mapaa rangi nyeupe.

Na nyie mnaweza kujaribu chokaa kwenye bati moja mkalinganisha na la jirani. Apande fundi, sio binti, na avae miwani maana chokaa inaunguza macho. Wengine wanachanganya na gundi ya mbao ishike. Ila msipake Oktoba, vuli itaosha yote, subirini mvua zikatike.