Mbiu ya mtaa: jinsi ya kupanga tahadhari ya mafuriko kabla mvua hazijaanza

Wakazi wa mabondeni, Jangwani na kote kandokando ya Mto Msimbazi hapa Dar, mnajua maji yanakujaga usiku watu wamelala. Zamani pembe ikilia kila mtu anatoka nje, leo tuna simu ila chaji ikiisha au mtu hana bando basi taarifa haijamfika, kwa iyo changanyeni vyote, simu na sauti na miguu.

Kwanza chagueni mtu na msaidizi wake wafuatilie TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) kila siku msimu wa mvua. Mkubaliane mapema kwa rangi za tahadhari zao: njano mnachaji simu na kuzibua mitaro, rangi ya chungwa wazee, wagonjwa na watoto wanapanda juu kwa ndugu, nyekundu hakuna kulala bondeni. Pia pakeni alama ya rangi kwenye nguzo ya daraja, maana mto unaanzia vilima vya Pugu, mvua inaweza kupiga kule nyie hamjaona hata tone.

Meseji iwe ya kawaida, sio wasap tu, wengi wana vitochi. "Jamani maji yanakuja" haimsaidii mtu. Andika ivi: "Saa 4 usiku. Maji yamepita alama darajani. Wote chini ya barabara ya vumbi tokeni sasa hivi, nendeni shule ya msingi. Mjumbe."

Alafu sauti. Ongeeni na imamu na mchungaji mapema kuhusu spika na kengele, na mchague mlio mmoja, mfano filimbi tatu ndefu, usitumike kwa kitu kingine chochote.

Miguu ndo muhimu kuliko vyote naomba msiidharau. Kila kijana apewe nyumba zake, agonge mpaka aone mtu kwa macho, na asiyesikia afuatwe ndani aamshwe kwa tochi. Wapangaji wanahama sana, orodha irudiwe kila mwezi. Tsunami ya 26 Desemba 2004 ilichukua masaa kufika pwani yetu, na Kenya waliwahi kuwatoa watu fukweni, muda huwa upo kama kuna mtu wa kwenda kusema.

Fanyeni zoezi usiku, sio mchana. Na kila mtu asevu 114 ya Zimamoto na 112 ya polisi leo leo.